Mvuke wa Kilindoni na Josho la Ijumaa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mpira wa maji baridi na fagio la nyuzi ngumu, nikaambiwa sakafu ile iwe nyeupe kabla ya adhuhuri. Ilikuwa sakafu ya ukumbi wa kuchakatia pweza, pale Kilindoni, kisiwani kwetu, katika kiwanda kilichokuwa juu kidogo ya gati. Mimi Hemedi, mzaliwa wa Kiegeani, darasa la nne nililiaga bila kuagwa, na kazi zangu mpaka siku hiyo zilikuwa kukwea minazi na kubeba magunia. Nilikuwa kijana mwenye kifua. Nikajisemea moyoni, kuosha sakafu ni kazi gani ya kumshinda mwanamume?

Bwana we. Nyinyi mnaomla pweza kwa chapati hamumjui pweza. Pweza ana ute, na ute ule ukikauka juu ya saruji unashika kuliko gundi ya seremala. Ukiuloweka kidogo, unateleza. Nilimwaga maji, nikasugua, nikamwaga, nikasugua, na kila nilipomaliza kona moja ile ya nyuma ilikuwa imerudi vilevile, inang'aa kama mgongo wa samaki mkunga. Nilianguka mara nyingi kiasi kwamba kina mama waliokuwa wakikata pweza mezani waliacha visu wakawa wananitazama mimi.

"Mwacheni," mmoja akasema, "anasali sunna."

Ndipo akaingia mama mwembamba, koti jeupe, nywele kazifunika kwa wavu. Alikuwa afisa ubora, mtu wa bara, na kiwanda kizima kilimwita Bibi Ubora. Hakuna pweza aliyetoka pale kwenda nje ya nchi bila yeye kukubali, na hakuna meza iliyotumika asubuhi bila yeye kuipitishia kidole.

"Wewe ndiye Hemedi?"

"Ndiye, shikamoo."

"Marahaba. Hapa unaosha au unapaka rangi?"

Kina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikamwambia, mama, nipe maji ya kuchemka nikuonyeshe. Akaniuliza kama nimewahi kukaanga yai. Nikasema nimewahi. "Likimwagika pembeni ya kikaango ukaongeza moto, linatoka au linashika?" Nikasema linashika. "Basi ute ni yai. Maji ya kuchemka yataupika, na ukishapikwa utauondoa kwa patasi."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na sijawahi kulisahau kwa sababu lilinikuta nimekaa chini, suruali imelowa. Vijana wengi wa leo wanadhani usafi ni nguvu na moto. Usafi ni mpango. Kwanza unaokota mabaki kwa mkono na kibao cha mpira cha kusukumia, usitumie maji kufagilia nyama, utaziba chemba. Pili unasuuza kwa maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukiyashika huyaogopi. Tatu unapaka povu la sabuni, ukianzia chini kwenda juu, ili lisichuruzike likaacha michirizi. Unaliacha lifanye kazi yake, lakini lisikauke. Nne unasuuza kwa maji ya moto zaidi, mara hii kutoka juu kwenda chini. Mwisho dawa ya klorini, ya kiasi, na hapo hutumii tena presha, kwa sababu presha inarusha matone kutoka kwenye mfereji mchafu mpaka juu ya meza safi, na kazi yako yote imekwenda na maji.

Haya nilijifunza kwa miezi, siyo kwa siku moja. Lakini nilijifunza haraka kuliko wote waliokuja nami. Sijisifu, nasema kilichokuwa. Tulioanza pamoja, mmoja alirudi kwenye minazi, mwingine akaenda kuuza juisi ya ukwaju sokoni, mimi nikapanda kutoka fagio hadi kubeba mpira, na kutoka kubeba mpira hadi kushika lansi.

Lansi ni ile fimbo ndefu ya chuma inayotoa maji kwa presha, ina mpini wenye kifyatulio kama bunduki. Mbele yake kuna nozeli, kitundu kidogo. Nozeli ya kuchana inatoa maji bapa kama upanga, nzuri kwa meza. Nozeli ya ncha inatoa maji kama msumari, hiyo inang'oa hata rangi, na mpumbavu akijipigia mguuni atajuta. Ukiona mtu anashika lansi kwa mkono mmoja huku anaongea na wenzake, huyo mnyang'anye kwa heshima kabla hajamtoboa mtu.

Zilikuwa zile siku ambazo watu wa Hifadhi ya Bahari walikuwa wanazunguka vijijini na boti zao nyeupe, wakikaa na wazee kuzungumza miamba ipi ifungwe. Mwamba ukifungwa, hakuna anayeukanyaga kwa miezi, pweza wanakua wanakuwa na vichwa kama nazi. Ukifunguliwa siku ya bamvua, maji yakitoka mbali, watu wanashuka kijiji kizima, wake kwa waume, na ukifika magharibi kiwandani pana mlima wa pweza. Kabla ya mpango huo tulipokea kidogokidogo kila siku. Baada yake tulikuwa na siku za ukame na siku za gharika. Kwa siku za gharika, maji ya uvuguvugu ya kwenye mapipa hayakutosha tena. Ndipo ukaja mvuke.

Aliyeuleta ni Fundi Mkuu. Alikuwa mtu mnene, mpole, alisoma Dar es Salaam na kwingineko, na hakuwa na majivuno hata kidogo, jambo lililonishangaza kwa mtu aliyejua vitu vingi vile. Alifunga boila nyuma ya kiwanda, ikanguruma kwa dizeli, na ukutani ndani ya ukumbi akafunga kile tulichokiita mikisa. Mikisa ni kama sanduku dogo la chuma. Bomba moja linaingiza mvuke wa boila, jingine linaingiza maji baridi ya tangi, humo ndani vinakutana, na kwenye mpira yanatoka maji ya joto lile unalolitaka. Kushoto kuna gurudumu la mvuke, kulia la baridi, katikati kipimajoto cha mviringo kama saa.

"Mwinyi," Fundi Mkuu aliniambia, kwani ndivyo alivyopenda kunitania kama watu wa bara wanavyotutania sisi wa pwani, "hapa pana sheria moja tu ya kufa na kupona. Baridi anatangulia kuingia, baridi anachelewa kutoka. Mvuke ni mgeni. Hawezi kufika kabla ya mwenyeji wala kubaki baada yake."

"Na mwenyeji akiondoka ghafla?" nikauliza.

Akacheka. "Swali zuri. Humo ndani kuna valvu ya usalama, ina springi. Baridi ikilegea, valvu inajifunga yenyewe, mvuke unakatika. Mpira unakauka tu. Hakuna anayeungua."

Nikaijua mikisa ile kama ninavyojua nyumba yangu. Wengine waliisogelea wamekunja shingo kama kuku anayeogopa mwewe. Mimi niliigusa, niliisikiliza. Mvuke una sauti. Ukichanganyika vizuri unanong'ona. Ukizidi unapiga mluzi na bomba linagonga kokoko. Nilikuwa nasimama mlangoni, sijatazama kipimajoto, nikasema "hamsini na tano," na Fundi Mkuu akienda kutazama anakuta hamsini na nne au sita. Ukimkuta popote alipo, muulize. Ndipo nilipopewa cheo cha Msimamizi wa Usafi, nikiwa na watu chini yangu, na koti langu jeupe lenye mfuko.

Katika watu wangu aliyekuwa bora ni Zuhura. Alitoka Jibondo, mjane kijana mwenye watoto wawili na mama mzee, na mshahara wake ndio uliokuwa ukiwalisha wote. Alikuwa na mikono mitulivu. Wanaume walikuwa wanataka kuonyesha nguvu kwenye lansi, yeye aliipitisha taratibu kama mtu anayepiga pasi kanzu. Nilimfundisha mimi mwenyewe, na nilimfundisha vizuri.

Sasa, tuje kwenye bafu.

Unapochakata pweza kutwa, harufu inaingia mpaka kwenye kucha. Siku ya Ijumaa huwezi kuingia msikitini hivyo. Utasimama safu moja na mwenzio, yeye ananuia sala na wewe unamkumbusha soko la samaki. Wafanyakazi wengi tulikuwa wenyeji, tukawa tunakimbia nyumbani kukoga josho la Ijumaa kisha tunakimbia msikitini, wengine wanaikosa hotuba. Meneja wetu, Mkristo kutoka bara, mtu mwenye kelele lakini mwenye moyo, akaliona hilo. Akajenga bafu ubavuni mwa kiwanda, safu ndefu ya vyumba vidogo, kila kimoja na bomba lake. Fundi Mkuu alikuwa likizo kwao, kwa hiyo Meneja alileta fundi bomba wa mjini, kazi ikaisha haraka. Siku ya kufungua, imamu aliomba dua, Meneja akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi wote.

Wiki chache baadaye mwamba mmoja wa kusini ulifunguliwa. Ulifunguliwa Alhamisi, kwa sababu Ijumaa watu wa huko hawashuki pwani. Pweza waliingia usiku kucha, kina mama walikata mpaka Ijumaa asubuhi, na ilipokaribia saa sita mlima ule ulikuwa umekwisha kuingia kwenye jokofu. Siku za kawaida tulikuwa tunaosha kwa mvuke alasiri. Siku hiyo Bibi Ubora alisema ute usiachwe ukauke, ukumbi uoshwe papo hapo. Nikamwachia Zuhura lansi na mikisa, nikamwona anafungua baridi kwanza, mvuke baadaye, kama nilivyomfundisha. Nikachukua taulo langu nikaenda kukoga.

Tulikuwa wengi bafuni, mabomba yote yamefunguliwa, watu wanaimba kaswida, wanagombea sabuni. Nikiwa na povu kichwani, nikasikia ukelele.

Nilifika ukumbini nimejifunga taulo. Mvuke ulikuwa umejaa mpaka huoni meza. Zuhura alikuwa chini, lansi imemtoka, na kina mama walikuwa wanamvua buti. Maji ya moto yalikuwa yameingia ndani ya buti la mguu wa kulia, na buti la mpira likijaa maji ya moto halimwagi, linayahifadhi. Nilikimbilia gurudumu la kushoto nikafunga mvuke. Tukammwagia maji baridi ya pipa kwa muda mrefu, kisha tukampeleka hospitali kwa gari la Meneja mwenyewe.

Mguu ulikuwa umeungua kuanzia kifundo kupanda. Daktari alisema utapona, ila taratibu.

Jumamosi Meneja akatuita ofisini, mimi na Fundi Mkuu ambaye sasa alikuwa amerudi. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeogopa.

"Nimeambiwa mashine hii haiwezi kuunguza mtu. Wewe Fundi uliniambia, na wewe Hemedi umeuambia ulimwengu mzima. Sasa mmoja kati ya watatu anasema uongo. Mashine, au nyinyi, au yule dada aliyechezea gurudumu."

"Hakuchezea," nikasema.

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Namjua."

"Kumjua mtu siyo ushahidi, Hemedi. Wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi, wataniuliza kwa nini mfanyakazi ameungua. Kama amekiuka utaratibu, ataondoka. Sina namna. Nikimwacha mtu asiyefuata utaratibu kwenye mvuke, kesho ataunguza mwingine."

Hakuwa mtu mbaya. Na alichosema kilikuwa na akili yake. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukalala.

Tulirudi kwenye mikisa, mimi na Fundi Mkuu. Tukaifungua Jumamosi hiyo, tukaweka nyuzi hamsini, tukasimama. Sindano haikutikisika. Jumapili tukarudi, hivyo hivyo. Jumatatu tukaosha ukumbi mzima nayo, maji yametulia kama ya mtungini. Kila tulipoijaribu mashine ikawa nzuri zaidi, na kila ilipokuwa nzuri zaidi Zuhura alikuwa mkosaji zaidi. Nilitamani iharibike. Mimi, niliyekuwa nikiisifu mikisa ile kama mtu anavyomsifu mwanawe, nilikuwa naiomba Mungu iharibike.

Jumatatu jioni nikamwambia Fundi Mkuu twende tukamwone mgonjwa. Alikuwa amefikia kwa shangazi yake hapo hapo Kilindoni, amekaa kwenye mkeka, mguu umeinuliwa juu ya mto.

"Shikamoo kaka Hemedi. Shikamoo Fundi. Nimesikia nafukuzwa."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Kilindoni hii jambo hujificha wapi? Kaka, nisikilize. Sikugusa gurudumu. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye kifyatulio, wa kushoto umeshika fimbo. Ningeligusa kwa kitu gani, kwa meno?"

Shangazi yake akaguna. "Mwambieni Meneja wenu akija hapa nitamwosha mimi."

"Mama, ngoja," Fundi Mkuu akasema, akaketi chini kwa taabu na unene wake. "Zuhura, kabla maji hayajawa moto, ulisikia nini?"

"Sikusikia. Niliona mkononi. Mpira ulilegea. Ulikuwa mgumu, mara ukawa mwepesi, kama mtu kaukanyaga nyuma yangu. Nikageuka kutazama nani amekanyaga, ndipo moto ukanishukia mguuni."

Fundi Mkuu akanigeukia mimi. "Mpira ukilegea, baridi imekimbia. Imekwenda wapi, Mwinyi? Ijumaa, saa sita, nani alikuwa anayachukua maji yangu?"

Mkono wangu ukanipanda kichwani wenyewe. Nikakumbuka lile povu.

"Bafu," nikasema.

"Bafu gani?"

Kumbe alikuwa hajaliona. Lilikuwa limejengwa akiwa likizo. Tulirudi kiwandani jua linazama, tukalifuata bomba la bafu kwa mikono, nyuma ya ukuta, chini ya ngazi, mpaka tukafika lilipounganishwa. Yule fundi wa mjini alikuwa amelichomeka kwenye bomba lilelile lililolisha mikisa. Lilikuwa jirani, akaona ya nini ahangaike. Siku nyingine watu walikoga mmojammoja, hakuna kilichotokea. Ijumaa tulikoga wote kwa pamoja.

"Hiyo ni nusu," Fundi Mkuu akasema. "Baridi ilikimbia, sawa. Lakini valvu yangu ya usalama ilikuwa wapi? Ilipaswa kujifunga."

Nilikuwa na spana mkononi tayari kuifungua. Akanizuia. "Tukiifungua sasa, Meneja ataona vyuma tu mezani. Aione ikikosea kwa macho yake."

Basi asubuhi ya Jumanne nikazunguka kiwanda nikiwaambia wanaume waende bafuni, wafungue mabomba yote, wakoge.

"Jumanne?" mmoja akaniuliza. "Kaka Hemedi, kuna nini, kiwanda kizima tuna janaba?"

"Nenda kakoge, wewe hata bila Ijumaa unahitaji."

"Na mshahara wa kukoga ni uleule?"

Waliingia wakicheka, na kina mama wakatoka visu mkononi kutazama maandamano ya mataulo. Meneja alisimama ukumbini amekunja mikono. Fundi Mkuu alitumbukiza mdomo wa lansi kwenye pipa lililofunikwa, ili asiungue mtu wa pili, akafungua baridi, akafungua mvuke, akaweka hamsini. Sindano ikatulia. Kisha akaniinulia kidole. Nikatoka mlangoni, nikapiga kelele kuelekea bafuni: "Fungueni!"

Mabomba yote yakafunguliwa. Mpira ukalegea pale pale, ukajikunja kama nyoka aliyechoka. Sindano ikapanda. Sitini. Themanini. Ikapita pale ambapo maji siyo maji tena, na pipa likaanza kunguruma na kutoa mvuke kila upande. Hakuna aliyekuwa ameligusa gurudumu. Fundi Mkuu akafunga mvuke kwa utulivu, na kule bafuni mtu mmoja alikuwa bado anaimba.

Meneja akatazama pipa. Akatazama ukuta ambao nyuma yake kulikuwa na bafu lake alilolijenga kwa nia njema.

"Ni mimi," akasema.

"Ni bomba," Fundi Mkuu akasema. "Na hiki hapa."

Akaifungua mikisa mbele ya wote. Ile valvu ya usalama ilikuwa imegandamana na chokaa. Visima vyetu hapa maji yake yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yanabeba chokaa, na chokaa ikikutana na moto inashika kwenye chuma kama ukoko kwenye sufuria ya wali. Springi ilikuwa ndani ya ukoko, haiwezi kusogea hata ukiipiga nyundo. Kwenye kitabu cha mashine walisema ikaguliwe kila baada ya muda fulani, lakini aliyeandika kitabu kile hakuwahi kunywa maji ya Kilindoni. Fundi Mkuu alitikisa kichwa akasema, kwa maji haya, kila mwezi. Tangu siku hiyo kila mwezi niliitoa mwenyewe, nikailoweka kwenye siki, nikaisugua, nikairudisha.

Meneja alikwenda kwa Zuhura jioni ileile. Nilikwenda naye, maana alihofia shangazi, na kwa haki kabisa. Alisimama mlangoni akaomba radhi kwa maneno machache, akasema kazi yake iko palepale na mshahara unaendelea mpaka apone.

Shangazi akamtazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Karibu ndani, baba. Nilikuwa nimekutilia maji jikoni, lakini sasa nitayafanya chai."

Bafu likapewa tangi lake na bomba lake, mbali na mikisa. Wakaguzi walipokuja walikuta kila kitu kimenyooka, wakaandika maneno mazuri, na sehemu kubwa ya maneno hayo, nasema bila haya, ilihusu sakafu yangu.

Zuhura alirudi akichechemea kidogo, kisha hata kuchechemea kukaisha. Lakini lansi ya maji ya moto hakuishika. Alishika povu, alishika klorini, alikagua meza kwa kidole kama Bibi Ubora, aliwafundisha wapya mpangilio wote bila kukosea. Ilipofika zamu ya mvuke alimpa mtu mwingine, akasimama mbali. Sikumsukuma. Nilimweleza mara nyingi kwamba mabomba sasa ni mbalimbali, naye alijibu, "Najua kaka, kichwa kinajua. Mguu ndio haujui." Miaka ikaenda hivyo. Bibi Ubora alihamishwa, Fundi Mkuu akarudi bara, Meneja yule naye akaondoka na tukampikia pilau. Mimi nikabaki, nikawa ndiye mzee wa mvuke pale, ingawa mvi zangu zilikuwa za kuhesabika.

Niliamua kuacha kazi mwenyewe, nikiwa bado na nguvu. Nilinunua mashine yangu ya presha kwa jasho langu, na sasa ninaosha boti za wapiga mbizi kule Utende, kwa nozeli ninayoitaka na saa ninayoitaka. Wenye boti wananitafuta wao. Vijana wananijia wakiuliza, mzee, nisomee nini nifike ulipofika? Nawaambia kasomeni, msinitazame mimi, chuo ni kizuri na wale waliosoma walinifundisha nusu ya ninachojua. Ila mkishasoma, shikeni mpira wenyewe kwa mikono yenu, na mwenzenu akisema "mpira ulilegea" msimwambie kwamba haiwezekani. Mkono ulioshika unajua kitu ambacho sindano ya ukutani haijui.

Kabla sijaondoka, Meneja mpya alipotaka mtu wa kushika nafasi yangu, nilimtajia Zuhura. Akasita. "Si ndiye anayeogopa mvuke?"

"Ndiye. Ulitaka nikupe asiyeuogopa?"

Ijumaa yangu ya mwisho kiwandani ilikuta mwamba umefunguliwa jana yake. Ukumbi umejaa ute, adhuhuri inakaribia, wanaume wameshabeba mataulo. Nilikuwa nimeshika lansi mimi, maana sikutaka kumwachia mtu kazi ile saa ile. Zuhura akanijia, akaunyoosha mkono.

"Nenda kakoge, kaka. Utaikosa hotuba."

Nikamtazama mguu, nikamtazama uso. Nikampa lansi. Sikusema neno, na wanaonijua watakwambia hilo lilikuwa jambo gumu kuliko boila.

Nikaenda bafuni. Mabomba ya wenzangu yalikuwa wazi, watu wanapiga kelele zao zilezile. Nikajimwagia kopo la kwanza, kisha nikasimama na sabuni mkononi, nimetega sikio ukutani. Nilisikia baridi ikifunguliwa. Nikasikia mvuke ukiingia, ukigonga kidogo, ukitulia, ukianza kunong'ona. Hamsini na tano. Nikangoja, povu linanishuka machoni. Ulinong'ona vilevile, haukupanda wala haukushuka, na juu yake nikasikia lansi ikipita mezani taratibu, kama mtu anayepiga pasi kanzu.

"Mzee Hemedi," jirani yangu akapiga kelele, "umelala humo?"

"Nakoga!" nikamwambia, nikafungua bomba mpaka mwisho.